UPANGA ULIOFUNGWA NGUONI

Somo: 1 Samweli 21:1–9 na 22:6–19, 2 Wafalme 18:1–4



Katika siku hizi za Kwaresima wengi wetu tunajinyima. Mwingine ameacha nyama, mwingine ameacha sukari, mwingine ametenga sadaka ya ziada kwa ajili ya wajane. Haya yote ni mema. Lakini kuna vitu nyumbani mwetu ambavyo Kwaresima hupita, na Pasaka hupita, wala hatuvigusi. Ni vile vitu ambavyo mtu akiviulizia bei tunamjibu mara moja, bila hata kufikiri: "Hiki siuzi." Leo tunataka kukaa kidogo juu ya neno hilo.

Tutaanza na habari ya mzee mmoja wa mtaa wetu, anayeishi upande wa Ghuba ya Speke. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuiandike, ila jina lake na la kijiji chake tunayaacha.

Mzee huyu alikuwa na gobore la marehemu baba yake. Baba alilinunua miaka ya 1950 kwa pesa za pamba, zama zile vyama vya ushirika vya Usukumani vilipokuwa vikipata nguvu na kuungana, mwaka 1955, katika umoja mkuu ulioitwa VFCU. Wakulima wengine walinunua baiskeli, wengine cherehani, wengine mabati. Baba huyu alinunua gobore, kwa kuwa viboko walikuwa wakitoka ziwani usiku na kumaliza mpunga, na nguruwe pori walikuwa wakimaliza mihogo. Mzee wetu alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka baba yake akimimina baruti kutoka katika pembe ya ng'ombe, akiishindilia kwa mdeki, akiweka fataki, kisha akimwambia azibe masikio. Anakumbuka na nyama pia. Baba akipiga mnyama, hakula peke yake. Fungu la kwanza lilikwenda kwa wazee, la pili kwa wajane, na watoto wa mji mzima walilala wameshiba.

Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1978. Gobore likatundikwa ukutani. Baba alikuwa amezeeka, hakulishusha tena ila kulifuta vumbi. Alipofariki, mwanawe alilifunga katika khanga ya mama yake na kuliweka nyuma ya kitanda. Kila mwaka, baada ya mavuno, alilifungua, akalipaka mafuta, akalitazama, akalifunga tena. Alitueleza kwamba siku hiyo moja kwa mwaka alikuwa kama anayezungumza na baba yake.

Watu walikuja kulinunua. Wengine walikuja mchana, wengine usiku, na hao wa usiku hawakusema wanalitaka kwa kazi gani. Mzee alimjibu kila mmoja neno lilelile: "Siuzi. Hata ukinipa ng'ombe zizi zima, siuzi." Na alijisifu kwa jibu hilo, nasi tuliosikia tulimsifu.

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea, tuseme wazi kwamba moyo huu wa kutouza hatuudharau. Maandiko yenyewe yanauheshimu. Mnamkumbuka Nabothi wa Yezreeli, katika 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alitaka shamba lake la mizabibu, akamwahidi shamba zuri zaidi au fedha taslimu. Nabothi akakataa, kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake, na aliona kuutoa ni kumkosea Bwana. Aliuawa kwa ajili ya kukataa huko, na Mungu akamlipia. Basi kuna mambo ambayo mtu mwema hayapimi kwa fedha. Mtu anayeuza kila kitu, hata jembe la mama yake na kaburi la babu yake, hatumwiti mwerevu. Anayetunza alichoachiwa ameelewa kwamba hakujizaa mwenyewe.

Lakini shamba la Nabothi lilizaa zabibu. Je, kama urithi wenyewe ni chombo cha kuulia?

Hapo ndipo tunapofika katika somo letu la kwanza. Daudi alipomshinda Goliathi katika bonde la Ela, alimshinda kwa kombeo na jiwe. Upanga ulikuwa wa yule jitu. Miaka ikapita, na tunapokutana tena na upanga ule, tunaukuta Nobu, katika nyumba ya Bwana, nyuma ya naivera, umefungwa katika nguo. Hakuna aliyeuuza. Uliwekwa pale uwe ukumbusho kwamba Bwana huokoa hata pasipo upanga. Angalieni jambo hilo: kwa siku nyingi upanga ule ulikuwa mahubiri.

Kisha Daudi anakuja mbio, akimkimbia Sauli. Ana njaa, ana hofu, na kinywani mwake mna uongo, kwa maana anamwambia kuhani Ahimeleki kwamba ametumwa na mfalme kwa siri. Anauliza kama kuna silaha. Ahimeleki anamwonyesha upanga uliofungwa, na Daudi anautaka upesi, akisema hakuna wa kulingana nao. Kijana aliyekwenda bondeni bila upanga, akimtegemea Mungu, sasa amekuwa mtu mzima mwenye hofu, na ukumbusho wa wokovu wake ameurudisha kuwa silaha.

Tena tazameni yaliyofuata. Kwanza, upanga haukumwondolea hofu. Alikwenda nao Gathi, mji wa Goliathi mwenyewe, na huko akaogopa hata akajifanya mwenda wazimu. Pili, siku ile Doegi Mwedomi alikuwapo Nobu, akaona, akaenda kumwambia Sauli kwamba Ahimeleki amempa Daudi chakula na upanga wa Goliathi. Sauli akaamuru, na Doegi akawaua makuhani themanini na watano, kisha akaupiga mji wao, wanaume na wanawake, watoto na wanyonyao. Hatusomi kwamba upanga wa Goliathi ulimgusa hata mmoja wao. Lakini habari ya upanga ule ilikuwa ndani ya mashtaka yao. Daudi mwenyewe alikiri baadaye mbele ya Abiathari, kuhani pekee aliyeokoka, kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Silaha iliyofungwa nguoni bado ni silaha. Inamngoja tu mtu mwenye hofu, au mwenye hasira, aje aifungue.

Sasa tumrudie mzee wetu. Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kidogo, aligombana na kijana jirani juu ya mpaka wa shamba la mpunga. Maneno yalikuwa makali. Kijana akaingia nyumbani, akafungua khanga, akachukua gobore la babu wa baba yake, akalijaza baruti iliyobaki katika pembe tangu enzi za marehemu, akatoka nalo. Alimlenga mwenzake na kufyatua. Fataki ikalia, lakini baruti haikuwaka, kwa kuwa ilikuwa imekufa kwa uzee. Watu wakamrukia na kumnyang'anya. Katika vuta nikuvute gobore likaanguka juu ya jiwe.

Tulikwenda pale jioni ileile pamoja na mwinjilisti. Tulimsalimu, "Mwangaluka, Guku," kwa kuwa katika fadhaa tulisahau hata kwamba si asubuhi. Mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda, gobore liko magotini mwake, machozi yanamtoka. Hakutwambia habari ya mjukuu wake, wala ya yule kijana aliyenusurika. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mchungaji, tazama, wamelikwaruza kitako."

Tulinyamaza. Naye alipoona tumenyamaza, alinyamaza. Kisha akainamisha kichwa na kusema, polepole, "Nimesema nini mimi?"

Wapendwa, tangu siku ile neno hilo halijatutoka. Huyu si mtu mbaya. Ni mzee wa sala, anayefika kanisani kabla ya kengele. Lakini kitu alichokitunza kwa upendo kilikuwa kimekaa mahali pa juu kuliko alivyojua, hata damu ya jirani ilipokaribia kumwagika, jicho lake lilitazama mti kwanza. Je, sisi wengine jicho letu lingetazama nini?

Somo letu la pili latuonya juu ya hilo. Musa alitengeneza nyoka wa shaba jangwani kwa amri ya Mungu, na waliomtazama wakapona. Kilikuwa kitu kitakatifu chenye historia ya kweli. Watu wakakitunza kizazi baada ya kizazi, na hatimaye wakawa wanakifukizia uvumba. Mfalme Hezekia akakivunja vipande vipande, akakiita Nehushtani, maana yake ni kipande cha shaba tu. Hakusema kwamba Musa alikosea, wala kwamba Mungu hakuwaponya. Alisema tu kwamba shaba ni shaba.

Katika gobore la mzee wetu palikuwa na hirizi iliyofungwa karibu na mtambo, ndogo, nyeusi kwa mafuta na moshi. Wenye kuijua mila ya Usukumani wanajua kwamba wawindaji walikuwa na vyama vyao, kama Bayege waliowinda tembo, na kila chama kilikuwa na dawa zake. Mzee alikuwa Mkristo tangu ujana. Tulimwuliza kwa nini hakuiondoa. Alijibu, "Kuiondoa ni kama kumvua baba nguo." Tulimwelewa. Lakini mtu anayeogopa kukata kamba ya hirizi amekwisha kumpa chuma heshima isiyo yake.

Basi ikaja shauri gumu. Siku chache baadaye mzee alikuja kwetu na ombi. Alisema: "Nyumbani haliwezi kukaa tena. Kuliuza siwezi. Polisi nikiwapa, nimemzika baba mara ya pili. Ninyi liwekeni kanisani, katika chumba cha kuvalia, nyuma ya meza ya Bwana. Si ndivyo walivyouweka upanga wa Goliathi?"

Tunakiri mbele yenu kwamba ombi hili lilitupendeza. Wazee wa kanisa walilijadili jioni nzima, na wengine wetu tulikuwa karibu kukubali. Lilionekana kuwa njia ya upole. Isitoshe, wengi wetu tumesikia kwamba Uingereza, katika makanisa makuu ya kale, zimetundikwa bendera za vikosi vilivyopigana vita zamani. Kama wao wameweka bendera, sisi tukiweka gobore moja kuna nini?

Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama ndiye aliyetuamsha. Alisema kwa utaratibu: "Someni mpaka mlango wa ishirini na mbili. Nobu waliuweka upanga ndani ya nyumba ya Mungu. Nobu ilikuwaje mwisho wake?"

Hatukuwa na la kujibu. Tena sisi wa mwambao huu hatuwezi kuzungumza juu ya bunduki na kanisa kana kwamba ni habari ya watu wengine. Mwaka 1875 Henry Stanley alifika Kageye, si mbali na Mwanza, akazunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice. Mwezi wa Agosti mwaka uleule, penye kisiwa cha Bumbire, bunduki za msafara wake ziliwaua wenyeji waliosimama ufukoni na mikuki na mishale. Na ni Stanley huyohuyo ambaye barua yake ya mwaka 1875 iliwaita wamisionari waje Buganda. Wamisionari wa C.M.S. walifika Kageye mwaka 1877. Mwezi wa Desemba mwaka huo wawili kati yao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Bunduki walikuwa nazo, lakini hazikuwaokoa. Injili na baruti vilipanda mitumbwi ileile kufika kwetu. Dayosisi yetu ya Victoria Nyanza, iliyoanza mwaka 1963, ni mtoto wa Injili ile. Haifai baruti tuirudishe altareni.

Basi tulimjibu mzee kwamba hapana, na tulimjibu kwa kumshika mkono. Tukamweleza mambo matatu, ambayo twayaweka hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, leseni ya silaha ni ya mtu, wala hairithiwi pamoja na silaha. Marehemu alipofariki, ruhusa yake ilikwisha. Gobore nalo ni silaha mbele ya sheria, hata likiwa la zamani, hata kama halijalia kwa miaka hamsini. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi ni kali, na anayekutwa na silaha bila kibali hawezi kujitetea kwa kusema, "ni kumbukumbu ya baba." Mara kwa mara serikali hutangaza muda wa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, na muda kama huo ni neema. Hatusemi kwamba mwenye kibali halali ana dhambi. Viboko na mamba wa ziwa letu wanajulikana, na wako watu wenye wajibu wa kulinda. Tunasema na yule anayeficha.

Pili, silaha isiyouzwa inaweza kuibiwa, au kuchukuliwa na mtoto wa nyumbani. Wazee wetu wanakumbuka jinsi silaha zilivyoenea baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na jinsi wezi wa ng'ombe walivyowatesa watu hata Sungusungu wakaanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yule aliyekuja usiku kuuliza bei anajua sasa gobore linakolala. Kumwambia "siuzi" hakukumzuia kujua.

Tatu, na hili ndilo kubwa: Mungu hakumwuliza mzee bei. Kukataa fedha ni rahisi kwa mtu mwenye heshima. Fedha hatuipendi kiasi hicho, na mnunuzi ni mgeni tu. Lakini Bwana haji kama mnunuzi. Yeye huuliza kama tuko tayari kukiachia kitu bure, kwa ajili ya jirani. Yule tajiri wa Marko 10 alishika amri zote tangu ujana wake, akaondoka kwa huzuni penye neno moja tu. Ndugu, neno "siuzi" linaweza kuwa uaminifu wa Nabothi, nalo linaweza kuwa huzuni ya yule tajiri. Tutajuaje? Tutajua siku jirani yetu atakapokuwa hatarini kwa sababu ya kile tunachokitunza.

Mzee alikaa siku tano bila kujibu. Siku ya sita alituita. Tulimwarifu mtendaji wa kijiji, naye akawaita askari, kwa kuwa si vema raia kutembea barabarani na silaha hata kama anakwenda kuisalimisha. Kabla hawajafika, mzee alichukua kisu, akaikata ile hirizi mwenyewe, akaitupa jikoni motoni. Mkono ulitetemeka, hatutaki kuficha. Kisha akalifungua gobore kutoka katika khanga, akalikabidhi, akatia saini yake. Mjukuu wake alikuwapo, amesimama mlangoni, kichwa chini. Shauri lake na kijana mwenzake linakwenda kwa njia yake, nasi tunawaombea wote wawili.

Askari walipoondoka, mzee alibaki na vitu viwili: khanga ya mama na ile pembe ya ng'ombe, tupu, iliyooshwa. Alimwita mjukuu aketi. Akamweleza habari za viboko wa ziwani, na za pamba, na mafungu ya nyama, la kwanza kwa wazee, la pili kwa wajane. Kijana alisikiliza mpaka giza likaingia. Alipoinuka alisema, "Guku, mbona hukunieleza haya zamani?" Mzee akasema, "Nilidhani bunduki inaeleza."

Wapendwa, haielezi. Miaka yote ile mzee alimtunzia kijana chuma, na habari zenyewe hakumpa. Kama kuna urithi wa baba zetu tusiopaswa kuuza, ni habari hizo: kwamba walikula pamoja na wajane, kwamba Mungu aliwalisha penye njaa. Hizo haziibiwi usiku wala hazihitaji leseni.

Nyumbani mwako kuna nini nyuma ya kitanda? Labda si gobore. Labda ni mkuki uliotumika katika ugomvi wa ukoo, au hati ya shamba uliyomficha ndugu yako. Kifungue kabla hakijafunguliwa na mwenye hasira. Na usikifungue peke yako; njoo, tutakwenda pamoja.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wa baba zetu, uliyewalisha mwituni na ziwani, tunakushukuru kwa yote waliyotuachia. Utupe moyo wa kutunza yaliyo mema, na mikono iliyo tayari kuachia yanayoweza kumwua jirani. Uwalinde vijana wetu na hasira, na wazee wetu na upweke. Utufanye sisi wenyewe kuwa ukumbusho wa wokovu wako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.